Namna ya Kufufua Wahusika wa Animatroniki wa Mikahawa ya Piza ya Zamani

Wahusika wa animatroniki, yaani wanasesere wakubwa wanaosogezwa kwa mitambo ya hewa iliyobanwa, wanaotafutwa zaidi na wakusanyaji walizaliwa katika kipindi kifupi cha historia ya Marekani. Mwaka 1977 Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari, alifungua mkahawa wa Pizza Time Theatre mjini San Jose, California, ambamo panya Chuck E. Cheese na wenzake walizungumza na kuimba wakiwa ndani ya fremu zilizotundikwa juu ya vichwa vya wateja. Mwaka 1980 mshindani wake, ShowBiz Pizza Place, alianza kazi Kansas City, Missouri, akiwa na bendi ya Rock-afire Explosion iliyobuniwa na Aaron Fechter na kampuni yake ya Creative Engineering ya Orlando, Florida. Pizza Time ilifilisika mwaka 1984 ikachukuliwa na ShowBiz, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi nyingi za Rock-afire zilivuliwa ngozi zikavishwa sura za akina Chuck E. Cheese. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaziondoa bendi zake karibu katika matawi yote, ikibakiza chache, miongoni mwazo ile ya Northridge, California.

Historia hiyo inagusa moja kwa moja kazi ya mikono, kwa sababu ndiyo inayoeleza kilichomo chini ya manyoya. Mtu anayenunua Mr. Munch, mmoja wa wenzake Chuck E. Cheese, aliyetoka kwenye jukwaa lililokuwa la Rock-afire anaweza kukuta, akishamvua, mitambo ya Fatz Geronimo, yule sokwe mpiga kinanda wa Rock-afire. Vivyo hivyo, Chuck E. Cheese wa jukwaa hilo ni Rolfe DeWolfe aliyebadilishwa, Helen Henny ni Mitzi Mozzarella, Jasper T. Jowls ni Beach Bear, na Pasqually ni Dook LaRue. Wahusika wa mfumo wa Cyberamic, uliotoka upande wa Pizza Time, wana mifupa ya aina nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la kujibiwa kabla ya kununua hata skrubu moja ni kama unamrejesha mhusika katika sura aliyozaliwa nayo au katika ile aliyostaafu nayo. Zote mbili ni halali, ila kwa maoni yangu ngozi ya pili iliyo nzima haifai kuchanwa eti kwa sababu ya kwanza inapendwa zaidi.

Wengi wanaoanza hukimbilia manyoya na macho, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana kwenye picha. Mimi nashauri kinyume chake: sura iwe ya mwisho. Maonyesho ya enzi hizo yaliendeshwa kwa amri za aina mbili tu, funga na fungua. Tepu ya onyesho iliiambia vali ya umeme iruhusu hewa au iikate, na haikuiambia mkono upande kwa kasi gani wala taya lifunguke kiasi gani. Tofauti kati ya mkono unaopanda kwa madaha na taya linalofunga ghafla ilikaa katika skrubu ndogo ya vali ya kudhibiti mtiririko wa hewa, ambayo fundi aliizungusha kwa bisibisi siku bendi ilipofungwa jukwaani. Anayeifungua skrubu hiyo bila kuandika ilipokuwa amefuta sehemu ya uigizaji, na hakuna tepu itakayomrudishia.

Kabla ya kufungua chochote

Mhusika aliyekaa ghalani au kwenye kontena kwa miaka mingi mara nyingi ana wapangaji. Viota vya panya hupatikana ndani ya kifua na kichwani, na katika Marekani mavi ya panya pori yanaweza kubeba virusi vya hanta, ambavyo huvutwa pamoja na vumbi. Usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Vaa glavu na barakoa yenye kichujio kizuri, fungua milango hewa ipite, lowesha uchafu kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, uache kwa dakika tano, kisha ufute kwa karatasi na kuitupa katika mfuko uliofungwa. Kwa kuwa dawa hiyo hupausha rangi ya manyoya, kipande cha kitambaa kilichochafuka kabisa ni bora kikavuliwa na kushughulikiwa peke yake.

Baada ya hapo piga picha. Piga kila upande, kila kiungo, kila mahali ambapo mrija unaingia na waya unatoka, ukiweka rula ndani ya picha ili vipimo visomeke baadaye. Funga lebo kwenye kila mrija na kila waya kabla ya kuung'oa, upande wa vali na upande wa silinda, kwa kuwa lebo moja hupotea siku ambayo mrija utakatika katikati. Kisha rudi kwenye zile skrubu za mtiririko: izungushe kila moja taratibu kuelekea kufunga, ukihesabu mizunguko na nusu mizunguko hadi ikome bila kuikaza, andika hesabu hiyo, halafu irudishe ilipokuwa. Takwimu hizo si msahafu, maana mafundi wa mikahawa walizichezea kwa miaka mingi, wakati mwingine ili kuficha silinda iliyochoka. Lakini ukikuta kope za kulia na kushoto zimewekwa mizunguko miwili na robo zote mbili, huku mkono mmoja ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, umeshajua ni wapi mtu alilazimisha mambo.

Mifupa na hewa

Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu hata baada ya kompresa kuzimwa, na springi za kusawazisha uzito wa kichwa na mikono huhifadhi nguvu hata pasipo hewa. Weka kwenye njia kuu ya hewa vali ya mkono inayokata hewa na papo hapo kuimwaga iliyobaki, na usiingize kidole kwenye kiungo kabla ya kuifunga na kusikia mlio wa hewa ukiisha. Springi kubwa ishikwe kwa koleo au kamba kabla ya kulegeza nati yake.

Fremu ya chuma ikaguliwe kwenye maungio ya kulehemu, hasa chini ya shingo na mabegani, ambako miaka ya kutikisika huleta nyufa. Kutu ya juu huondoka kwa brashi ya waya na msasa, ikifuatiwa na rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi ya juu iliyo karibu na ya asili. Bushi, yaani vikombe vidogo ambamo ekseli ya kiungo huzunguka, zikichakaa ndizo zinazomfanya mhusika atetemeke kila anapofika mwisho wa mwendo. Shika mkono wake ukiwa hauna hewa, uutikise kando, na kama unacheza pale ambapo haupaswi kucheza, badilisha bushi kabla ya kulaumu silinda.

Silinda hupimwa moja moja. Ingiza hewa kwa shinikizo la chini, karibu 30 psi (pauni kwa inchi ya mraba), upande mmoja, na uache tundu la upande wa pili wazi. Pistoni ikishafika mwisho, hewa haipaswi kutoka kwenye tundu lililo wazi, na ikitoka, mpira wa pistoni umekwisha. Hewa ikivujia pale ufito unapotokea, mpira wa shingo ndio mbovu. Silinda zenye ncha zilizofungwa kwa skrubu hufunguka zikasafishwa na kuwekewa oringi (pete za mpira) mpya na grisi ya silikoni kidogo. Zile ambazo mwili wake umekunjwa kiwandani hazikutengenezwa kufunguliwa, hivyo pima kipenyo cha ndani, urefu wa mwendo wa ufito na namna inavyoshikiliwa, ununue nyingine inayolingana. Usikubali silinda yenye mwendo mrefu zaidi kwa hoja kwamba inakaribia, maana nusu inchi ya ziada kwenye taya inatosha kuuchana mdomo wa mpira siku ya kwanza.

Mirija ya zamani hugeuka migumu na kupasuka kwenye maungio, na kwa kawaida nashauri ibadilishwe yote badala ya kuviraka. Tunza rangi za asili kama mrija ulikuwa na rangi, tunza pia urefu wa asili, kwa sababu mrija mrefu huchelewesha mwendo. Ikate kwa kisu cha mirija ili ncha ziwe sawa, kwani ncha ya mshazari haikai vizuri kwenye kiungo na itavuja. Uvujaji wa nje huonekana kwa kupaka maji ya sabuni. Hewa inayosikika kwenye tundu la kutolea la vali wakati hakuna kinachosogea inatoka ama kwenye mpira wa ndani ya vali ama kwenye pistoni, na kipimo cha silinda kilichoelezwa juu kitakuambia ni kipi.

Hewa yenyewe iwe kavu na safi. Kompresa hubana unyevu pamoja na hewa, na unyevu huo ndio uliozijaza kutu vali nyingi zinazouzwa leo kama mbovu. Kichujio chenye kikombe cha kunasa maji pamoja na kidhibiti shinikizo ni vitu vya lazima, na tangi la kompresa limwagwe maji kila baada ya kazi. Anza kila jaribio kwa shinikizo la chini, upandishe taratibu hadi mwendo ukamilike bila kugonga, na usizidi kiwango kilichotajwa kwenye mwongozo wa mashine au kilichoandikwa kwenye vipuri.

Umeme

Sehemu hii inatisha kuliko inavyostahili. Koili za vali hupimwa kwa multimita: linganisha ukinzani wa kila koili na wa wenzake wa aina hiyo hiyo, na ile inayoonyesha kutokuwa na mwisho imekatika, ilhali ile iliyo chini sana imeungua ndani. Soma volti kwenye lebo ya koili yenyewe, kwa sababu mhusika aliyepitia mikono mingi anaweza kuwa na vali za volti tofauti zilizopandikizwa bega kwa bega. Vali nyingi zina kitufe kidogo cha kubonyeza kwa mkono. Mhusika akisogea kwa kitufe lakini si kwa umeme, tatizo liko kwenye koili, waya au kadi ya kudhibiti.

Usiwashe usambazaji wa umeme wa zamani moja kwa moja. Kapasita zake za elektroliti hukauka kwa miaka, nyingine huvimba au kuvuja, na huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Zipime, uondoe chaji kwa resista, ubadilishe zilizochoka, kisha uwashe kwa mara ya kwanza balbu ya filamenti ikiwa imeunganishwa kwa mfululizo na mashine, maana ikiwaka kwa nguvu bila kufifia kuna shoti mahali fulani. Transista zinazoendesha koili hufa mara nyingi kwa sababu diodi ya kulinda iliyokuwa sambamba na koili imekatika, kwa hiyo anayebadilisha transista bila kupima diodi ataibadilisha tena. Viunganishi vya nyaya visafishwe kwa pombe ya isopropili, na viwe vya kwanza kushukiwa kila mhusika anapofanya kazi asubuhi na kugoma jioni.

Tepu

Maonyesho ya Rock-afire yalirekodiwa kwenye tepu za magurudumu (reel-to-reel) zenye njia nne: mbili za muziki na sauti za wahusika, na mbili za amri. Ukisikiliza njia za amri kwa spika utasikia mlio mkali wa kukwaruza, lakini ndani yake kuna kila kope na kila taya la bendi nzima.

Tepu nyingi za miaka hiyo zina ugonjwa wa kunata: gundi inayoshikilia unga wa sumaku hunyonya unyevu, tepu hulia inapopita kwenye kichwa cha mashine na kuacha uchafu wa kahawia. Tepu ya namna hiyo isichezwe hata mara moja kwa kujaribu. Huokwa kwa joto dogo lisiloyumba, karibu nyuzi 54 za Selsiasi, kwa takribani saa nane, kisha ikaachwa ipoe kabisa kabla ya kuchezwa. Jiko la nyumbani halifai kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kupita kiasi. Nafuu hiyo ni ya muda, hivyo mashine ya kurekodi iwe tayari kabla tepu haijaingia kwenye joto. Asiye na uzoefu ampelekee mtaalamu wa kuhifadhi sauti, kwani gharama yake ni ndogo kuliko thamani ya onyesho ambalo pengine halina nakala nyingine.

Rekodi njia zote nne kwa pamoja, katika faili moja lisilobanwa, kwa sampuli 96,000 kwa sekunde ikiwezekana. Njia zikirekodiwa mbili mbili kwa mipito tofauti, kasi ya tepu itatofautiana kidogo kati ya mpito na mpito, na kufikia mwisho wa wimbo midomo itakuwa imeachana na sauti. Njia za amri zisiguswe na kisafisha kelele wala kubanwa kuwa MP3, kwa kuwa habari zake zimo katika muda unaopita kati ya mgeuko mmoja wa ishara na mwingine, na programu za kubana sauti huchezea hasa muda huo kwa kudhani hakuna sikio litakalogundua. Faili likishakuwa salama, kidhibiti kidogo cha kisasa kinaweza kusoma ishara hiyo na kuendesha vali badala ya mashine ya tepu. Sioni aibu yoyote katika hilo, mradi vifaa vya asili vihifadhiwe na kisikatwe hata waya mmoja ambao hauwezi kurudishwa.

Sura, mwishoni

Vinyago vya lateksi huharibiwa na oksijeni, mwanga, joto na gesi ya ozoni, hivyo hugeuka vigumu na kupasuka kwanza pale vinapojikunja zaidi, yaani pembe za mdomo na kuzunguka macho. Mafuta na grisi za petroli huyeyusha lateksi, kwa hiyo fundi aliyetoka kushika mitambo anawe mikono au abadilishe glavu kabla ya kugusa uso. Sponji ya ndani nayo huwa unga na haiwezi kuponywa: itolewe, ipimwe, na ikatwe mpya.

Kinyago ambacho bado kina umbo lake kinastahili kuchukuliwa kalibu kabla ya kingine chochote, hata kama huna nia ya kukibadilisha mwaka huu. Kijaze ndani ili kisibonyee, uzibe nyufa kwa udongo wa ufinyanzi usio na salfa, kisha umwagie silikoni. Hapa wengi hupata hasara: silikoni inayogandishwa kwa platini haigandi ikigusana na lateksi, na itakuacha na uji unaonata juu ya kinyago usichoweza kukipata tena. Tumia silikoni inayogandishwa kwa bati, na hata hiyo uijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Kutoka kwenye kalibu hiyo hutolewa nakala ngumu, na kutoka kwenye nakala hutengenezwa kalibu ya plasta ya kumwagia lateksi mpya. Plasta hunyonya maji ya lateksi na kujenga tabaka ukutani. Kadiri inavyokaa ndivyo tabaka linavyokuwa nene, kisha ya ziada humwagwa na kinyago kikaachwa kikauke taratibu. Pembe za mdomo ziwe nyembamba kuliko mashavu, la sivyo silinda ya taya itapigana na ngozi mpya na mhusika atazungumza kama aliyetoka kung'olewa jino. Rangi ya uso nayo ichanganywe na lateksi au gundi inayonyumbuka, kwa sababu rangi ya kawaida itapasuka katika wimbo wa kwanza.

Manyoya bandia huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, hukaushwa kivulini, na kuchanwa kwa brashi ya kuchania mbwa yakiwa yamekauka kabisa. Joto la pasi au la kikaushio huyayeyusha ncha zake na uharibifu huo haurudi nyuma. Kama lazima kununua mapya, nunua kitambaa cha mhusika mzima kutoka kwenye jora moja, maana rangi ya jora na jora hutofautiana hata jina likiwa moja. Kata kutoka upande wa nyuma kwa wembe, ukipasua kitambaa tu bila kukata nywele, na uangalie manyoya yalale kuelekea chini katika kila kipande. Panapowezekana shona badala ya kugandisha, kwa sababu fundi atakayekuja baadaye atahitaji kufungua mgongo huo tena ili afikie vali.

Mhusika akishavikwa, rudi kwenye skrubu za mtiririko, kwa kuwa ngozi na manyoya yameongeza uzito na ukinzani ambao mifupa mitupu haikuwa nao. Anza na hesabu ulizoandika siku ya kwanza. Cheza onyesho halisi badala ya kubonyeza swichi za majaribio, kwani mwendo unaopendeza peke yake unaweza kuchelewa ukiwekwa kwenye wimbo. Taya lirekebishwe kwanza, kwa maneno mafupi yenye herufi za midomo kama b, m na p, hadi mdomo ufunge pamoja na sauti, halafu kope, na mwisho mikono na kiwiliwili. Punguza mtiririko wa hewa inayotoka kwenye silinda badala ya inayoingia, ili pistoni iwe na hewa ya kuisukuma mbele yake na isirukeruke. Andika mizunguko mipya kando ya ile ya zamani katika daftari lile lile, na nakala ya ukurasa huo iwekwe ndani ya kifua cha mhusika, kwenye mfuko wa plastiki. Onyesho likiisha, zima kompresa, mwaga hewa na maji ya tangi, na umwache akiwa amefunga mdomo, ili lateksi ya pembe za midomo isikae imevutwa.